Yesu naye alikuwa mahabusu

Tunaposoma habari za Mateso ya Bwana, tunakimbilia Msalaba na kuusahau usiku uliotangulia. Usiku ule Yesu alikuwa mahabusu. Alikuwa hajahukumiwa, lakini alifungwa macho, akapigwa. Petro alikuwa uani, akiota moto.

Mateso hupenda mlango uliofungwa. Ndiyo maana Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2002 inataka wakaguzi huru waingie mahabusu na magerezani mara kwa mara, kabla mtu hajaumizwa. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumtesa mtu. Hata hivyo Tanzania haijauridhia Mkataba Dhidi ya Mateso wa mwaka 1984, wala Itifaki hiyo. Majirani zetu Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wameuridhia Mkataba.

Mtu wa Kasulu atauliza: Burundi iliridhia hata Itifaki mwaka 2013, mbona kuanzia 2015 ndugu zetu walikimbilia Nyarugusu? Ni kweli, sahihi peke yake haimlindi mtu. Lakini ahadi za ndoa nazo huvunjwa, na hatujaacha kufungisha ndoa. Ahadi humpa aliyeumizwa mahali pa kushika anapodai haki yake.

Tuwaombe wabunge wetu walisimamie jambo hili. Nasi tusikae kungoja Dodoma. Waraka kwa Waebrania unatutaka tuwakumbuke wafungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao. Wanajumuiya, ni nani wa kwetu aliye mahabusu leo? Wiki hii twendeni tukamwone.