Msome Jirani Yako

Ukisafiri kutoka Kitale kwenda Bungoma kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye, waona mahindi, kisha waona miwa, na kila kituo kina watu wanaouza na kununua. Jambo usiloliona ni hadithi. Walakini hadithi zimo: katika madaftari ya walimu, katika masanduku ya makarani, na pengine katika dawati lililo karibu na lako. Watungaji wake hawana kampuni ya kuwachapishia. Baadhi yao wamekwenda kwa mpiga chapa wakalipa kwa fedha zao wenyewe, wakarudi nyumbani na mzigo wa vitabu ambavyo hapana aviulizaye. Nasema wazi kwamba lawama ya jambo hili ni yetu sisi wasomaji, na ni ya watungaji wenyewe, kabla ya kuwa ya wachapishaji.

Wewe mwanafunzi umezoezwa kuamini kwamba kitabu ni kile kinachotahiniwa. Hata hicho wengi wenu hamkisomi; mwasoma mwongozo wake, mkakariri maudhui na wahusika kama mtu akaririye bei za dukani asinunue kitu. Kitabu kilichoteuliwa kina wizara, shule na mtihani kuwa wachuuzi wake. Kitabu cha jirani yako kina mdomo wako tu, nao umenyamaza.

Mtazame Ken Walibora. Alizaliwa upande wa Bungoma, akakulia Trans Nzoia, sehemu za Cherangani. Kwa hiyo miji yote miwili yamdai kuwa ni wake. Riwaya yake, Siku Njema, ilitolewa mwaka 1996, na baadaye iliteuliwa kusomwa shuleni. Alipofariki mwaka 2020 alililiwa nchi nzima. Hayo ni haki yake. Lakini jiulize: kabla ya 1996 alikuwa wa nani? Hapana mtu azaliwaye mashuhuri. Palikuwa na siku ambapo maneno yale yalikuwa wino juu ya karatasi za kijana asiyejulikana, na aliyezisoma karatasi hizo siku ile alifanya kazi kubwa kuliko sisi sote tuliomlilia. Huenda kijana mwingine wa namna hiyo yuko Kimilili au Endebess leo, nawe wapishana naye njiani.

Sasa niwageukie watungaji, maana najua baadhi yenu mnaosoma haya mwaandika kwa siri. Iko dhana mbaya kwamba mtungaji mwenzako ni mshindani wako, kama wauza nyanya wawili wanaogombea mteja mmoja sokoni. Dhana hii ni ya uongo. Aliyekwisha kununua nyanya hana haja ya nyanya nyingine jioni ile. Bali aliyemaliza hadithi nzuri aamka na njaa ya hadithi nyingine. Msomaji aliyeamshwa na mwenzako ni msomaji wako wa kesho.

Ushahidi upo katika nchi yetu. Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina alipata Tuzo ya Caine, nayo ni tuzo ya hadithi fupi za Kiafrika. Angaliweza kuketi na sifa zake. Badala yake yeye na wenzake walianzisha Nairobi jarida lililoitwa Kwani?, likatoka mwaka 2003, wakafungua kurasa zake kwa wasiojulikana. Mwaka ule ule hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka katika jarida hilo ikashinda tuzo ile ile. Kabla yao David Maillu, alipoona milango imefungwa, alianzisha kampuni yake ya Comb Books mwaka 1972, akatoa vitabu vidogo vya bei nafuu. Wasomi wengi walivibeza, na Tanzania ilivipiga marufuku. Watu wa mjini walivinunua. Sisemi kwamba vyote vyafaa kutiwa mikononi mwa mwanafunzi. Nasema alikwenda kuwatafuta wasomaji mahali walipokuwa.

Najua jibu mtakalonipa: vitabu vya watu hawa vina makosa, tahajia ni mbovu na jalada halipendezi. Ni kweli, mara nyingi. Basi nani ayaondoe makosa hayo? Mkulima wa Trans Nzoia hapeleki mahindi ghalani kabla hayajakauka na kuchambuliwa, na katika kuyapukuchua huita jirani. Mtungaji wa Kitale na ampelekee wa Bungoma mswada wake kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, na wa Bungoma ausome akiwa na kalamu mkononi. Asimsifu bure. Sifa za bure zimeua hadithi nyingi kuliko dharau, kwa kuwa aliyedharauliwa huweza kukasirika akaandika upya, lakini aliyesifiwa kwa uongo huchapisha.

Kisha nunua. Rafiki wa mtungaji ana tabia ya kuomba nakala ya bure, kana kwamba karatasi huota shambani. Kuazimana kitabu ni jambo jema. Kukipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kukisambaza kwa simu ni kumpokonya mtu mkate, hata ukikisambaza kwa upendo.

Wala usingoje kumaliza shule. Chama chenu cha Kiswahili chaweza kuchagua kila muhula kitabu kimoja kisichotahiniwa, cha mtu wa karibu, kiwe kwa Kiswahili, Kiingereza au Kibukusu. Mkinunue kwa michango yenu, mkijadili, na mwenyewe akiwa hai mwiteni aje kujibu, tena mlipieni nauli. Ombeni rafu moja katika maktaba ya shule kwa vitabu vya namna hii. Mwalimu wa maktaba akisema havifai, mwulizeni kwa adabu ni kipi kati yake alichokisoma.