Kitabu cha Ufundi Kipimwe kwa Mkono wa Fundi

Wako wenzetu katika kazi ya elimu waaminio kwamba kitabu cha ufundi ni kitabu tu: kikiwa kinene, kina picha za rangi na kimepigwa chapa ng'ambo, basi chafaa kutiwa katika maktaba za skuli zetu. Sisi twaikataa rai hiyo. Kitabu kisichotoka kwa fundi hakimfundishi mtu kazi, na kisichosema kwa maneno ya fundi huiua lugha ya kazi hiyo.

Tutoe mfano wa gobore, bunduki ishindiliwayo baruti na risasi kwa mdomoni. Watakuwapo wa kucheka na kuuliza: skuli na gobore wapi na wapi? Jawabu letu ni kwamba katika chombo hicho kimoja hukutana kazi ya mhunzi na ya seremala, na historia yetu imo ndani yake. Katika karne ya 19 bandari ya Unguja ilipitisha bunduki nyingi mno kwenda bara, hata Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 ukaweka vizuizi vya kuingiza silaha Afrika. Katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, wazee wetu walikabili bunduki za rasharasha za Wajerumani kwa mikuki, mishale na magobore.

Chombo hicho kina msamiati wake. Bunduki iliyowashwa kwa utambi iliitwa ya mrau, ya jiwe la cheche ikaitwa gumegume, na iliyofuata ikaitwa ya fataki. Ufito wa kushindilia ni mdeki. Gumegume na mdeki yamo katika kamusi ya Frederick Johnson ya 1939. Lakini mwulize kijana wa leo hapa Michenzani mdeki ni kitu gani, naye atakutazama tu. Sasa mpe kijana huyo kitabu cha kigeni kilichofasiriwa na mtu asiyepata kusimama karakanani: ataambiwa "kijiti cha kusukumia", na neno la wazee litakuwa limezikwa kwa mkono wetu wenyewe.

Hatusemi kwamba cha mgeni kitupwe. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, yalichorwa ramani na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na wananchi walijitolea nguvu zao kuyasimamisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunachokataa ni kumpokea mgeni bila ya kumwuliza atokako.

Huko Marekani, katika milima ya jimbo la Georgia, wanafunzi wa sekondari walianzisha jarida la Foxfire mwaka 1966. Walikwenda kwa wazee wao, wakawasikiliza, wakaandika. Kazi hiyo ikazaa vitabu, na kitabu cha 5, kilichotoka 1979, kinaeleza uhunzi na uundaji wa bunduki za gumegume. Basi miongoni mwa vitabu vinavyosifiwa katika ufundi huo kimo kilichoandikwa na watoto wa skuli kutoka vinywani mwa mafundi wa kijiji. Walioweza ni vijana kama hawa wetu. Kwa nini sisi tuwe wanunuzi tu?

Basi mwalimu achaguaye kitabu cha ufundi na akipime kwa mambo manne. Kwanza, kimesemwa na nani: fundi, au mtu aliyenakili vitabu vya wenziwe? Pili, kikisomwa mbele ya fundi, je, ataitambua kazi yake? Tatu, kinavitaja vifaa kwa majina yake? Nne, kinaeleza hatari na sheria? Kuunda silaha bila ya idhini ni kosa, na kitabu kinyamazacho juu ya hilo hakifai mikononi mwa kijana. Twataka gobore lijulikane. Hatutaki watoto wetu wageuzwe wenye silaha.

Anayedhani kuwa tunatia chumvi na autazame mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya misumari, kikavuka bahari yetu kwa karne nyingi. Mwaka 2003, ulipoundwa upya hapa Zanzibar ili uwekwe Beit al-Ajaib, ilibidi kutegemea mifano midogo na maandishi ya watafiti, kwa kuwa waliokuwa wakiushona walikwisha kufa. Walipokuwa hai ndipo walipostahili kuandikwa kwa Kiswahili.

Wahunzi, maseremala na waunda majahazi bado wapo, nao wanazeeka. Walimu, pelekeni wanafunzi wenu karakanani kabla ya kupeleka fedha kwa wauza vitabu. Nanyi vijana, chukueni daftari, mwulizeni fundi jina la kila kifaa, na mliandike kama alivyolitamka.