Mlima wa Dirishani

Jumatatu alfajiri nilikuwa stendi ya Msamvu, Morogoro, kumpokea mgeni. Basi lake lilichelewa, nikapata muda wa kutazama watu. Wapiga debe wanaita Dodoma, Iringa, Mbeya. Vijana wa karanga na maji wanakimbia kando ya mabasi, mikono juu, chenji mdomoni. Nyuma ya vurugu hiyo milima ya Uluguru imesimama wazi, ukungu umejifunga kiunoni tu, kilele cha Lupanga kinaonekana mpaka mikunjo yake. Abiria wanaupiga picha mlima kupitia dirishani, basi linaondoka. Na sisi wenyeji hatuwashindi sana. Tunausifia mji wetu kuwa ni mji kasoro bahari, tunataja maji yake, ndizi zake na hewa yake, na wengi wetu tumezeeka chini ya mlima unaotupa hayo yote bila kuukanyaga.

Mgeni alipofika, kabla hata ya chai, aliniuliza: "Kule juu mnaendaga?" Nikamwambia Jumamosi tutakwenda.

*

Njia tuliyochagua ni ya Morningside, nyumba ya mawe iliyojengwa enzi za Wajerumani, kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi. Lupanga, wenye mita 2,138, ni wa siku nzima, na unadai magoti imara. Morningside ni saa mbili au tatu za kupanda kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Tulichukua bodaboda hadi mwisho wa mji, saa kumi na mbili na nusu tukawa tumeshaanza kupanda na kijana mwenyeji wa kutuongoza, mto Morogoro ukivuma kwenye mawe.

Anayetarajia msitu tangu hatua ya kwanza atashangaa. Sehemu kubwa ya mteremko ule ni mashamba: migomba, magimbi, mahindi yaliyoshikilia ukingo, mafenesi yananing'inia juu ya paa za nyumba. Njia hii ni ya watu kwenda sokoni. Kila baada ya dakika chache tulikutana na akina mama wanashuka, tenga la ndizi kichwani juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba. Mmoja nilimtazama miguu. Alikuwa anashuka kiupandeupande, kidole gumba kinatangulia kupima udongo, kisha kisigino, na shingo haitikisiki. Tulimpisha tukamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Poleni na kupanda."

Sisi tulikuwa na chupa ya maji tu mkononi. Yeye ana mzigo wa kilo nyingi kichwani, na ndiye aliyetupa pole. Maneno yale nimekaa nayo wiki nzima.

*

Juu ya Morningside mashamba yanakoma, ndipo unapokutana na mpaka wa hifadhi. Msitu wa Uluguru ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, zaidi ya hekta 24,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Tuliingia kipande kifupi tu, nusu saa hivi, kwa kibali tulichokata mapema. Baridi ilitupokea mara moja. Mizizi imekuwa ngazi, mwanga umepungua, na sauti ya mji uliyoizoea masikioni bila kujua inakatika.

Kijana wetu alisimama kwenye mti mmoja mnene. Gome lote lilikuwa limefunikwa na vijimea vya kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Akaweka kidole gumba, akakandamiza. Maji yalitoka, yakateremka kwenye kiganja mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mvua haikuwa imenyesha siku kadhaa. Ule ukungu tunaouona kutoka stendi hunaswa na majani na magome, ukawa matone, matone yakaingia ardhini, na ardhi ikayaachia polepole hata wakati wa kiangazi.

Msitu huo una ndege, wataalamu humwita Malaconotus alius, asiyepatikana popote duniani isipokuwa Uluguru. Hatukumwona. Nilifurahi tu kujua kwamba yupo juu yetu mahali fulani.

*

Mgeni wangu ni mkazi wa Dar es Salaam, na mbele ya gome lile lililotoa maji alinyamaza. Oktoba 2022 mtaa wao ulikuwa kwenye mgao wa maji, kina cha Mto Ruvu kikiwa kimeshuka mno. Ruvu unaanzia Uluguru, na mito ya Mgeta na Ngerengere, ambayo nayo hutoka milimani huku, huishia humo. Maji ya ndoo aliyoipanga foleni mtaani kwao Tabata yalianza safari yake kwenye magome kama lile.

*

Jioni, nyumbani, nikiwaza mashamba yale ya mteremkoni, nilirudi kwenye habari za mlima huu za mwaka 1955. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewalazimisha Waluguru, wenyeji wa milima hii, kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kusudi lilionekana jema kwenye karatasi. Lakini udongo wenye rutuba kule ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi kulifukua udongo usio na nguvu, kazi nzito ikawaangukia wanawake zaidi. Julai mwaka huo watu wakakataa, ghasia zikazuka Matombo, milimani humo, na mpango ukafa. Ilhali kule Mgeta, milima hiyohiyo, wakulima wanalima mboga kwenye ngazi hadi leo kwa hiari yao.

Ninaikumbuka habari hii kila ninaposikia mtu wa mjini akiwalaumu watu wa mlimani kwa moto na ukataji miti. Moto upo, nimeona makovu yake. Mashamba yamepanda juu, nimeyaona pia. Lakini aliyekaa bondeni anakunywa maji, na aliye juu ndiye anayeambiwa asilime. Kwa maoni yangu, hifadhi isiyomfaidisha yule mama wa tenga haitadumu, hata ikiwekewa walinzi kila mti.

*

Tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, inamfikisha mtu wa Dar Morogoro kwa takriban saa mbili, na Jumamosi wapandaji wameongezeka. Ni habari njema. Chupa za plastiki nilizookota kati ya Morningside na mto si habari njema. Nilijaza mfuko mzima.

Ukipanga kuja, anza alfajiri kabla jua halijakaza. Vaa viatu vyenye meno, maana udongo mwekundu ukilowa unateleza. Kata kibali, mchukue mwenyeji, mlipe bila kumpunja, na ununue ndizi hukohuko juu. Na ukikutana na anayeshuka na mzigo, sogea upande wa ukingo wa juu, umwachie njia yote.