Si Kutu, ni Udongo

Msomaji, ikiwa uraibu wako ni kukusanya kufuli kuukuu, endelea. Hutuliza akili kuliko chupa. Lakini unaogopa kutu bure. Kutu haileti pepopunda. Viini vyake huishi miaka mingi katika udongo na samadi, ule ule uliokwama kwenye tundu la ufunguo unalolichokoa kwa msumari.

Ukijichoma, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha uende zahanati siku hiyo. Dalili huweza kuchukua hata majuma matatu, kidonda kikiwa kimepona, ndipo taya likaze.

Akina mama hudungwa wakiwa waja wazito. Ninyi wanaume je? Wengi mlidungwa utotoni tu, na kinga hufifia. Kila miaka 10, dungwa tena.