Staa Kuuza Sambusa Ndiyo Kufulia? Acheni Hizo!

Wiki nzima stori ya mjini ni moja. Mdada aliyewahi kutamba sana kwenye Bongo Movie kapigwa picha Posta, asubuhi na mapema, kabeba ndoo nyeupe yenye mfuniko. Ndani sambusa za nyama. Anapita ofisi hadi ofisi. Picha ikavuja, komenti zikamiminika: "Kafulia jamani!" "Si ndiye alikuwa anakula bata huyu?"

Haya, kafulia vipi?

Wengi wanaocheka ni wateja wa sambusa hizo hizo. Mtu kaamka saa kumi na moja, foleni imemchosha, chai ya nyumbani hakuigusa. Akishuka kwenye daladala anachukua mbili za moto kwenye kipande cha karatasi, anakamulia ndimu, anatafuna huku anatembea. Akifika kazini tumbo limetulia. Halafu anashika simu kumcheka aliyemlisha!

Na wanaoona ni kazi rahisi wajaribu siku moja. Nyama ya kusaga ikaushwe vizuri, la sivyo maji yanalowesha manda. Kitunguu kikatwe kidogo kidogo. Manda zisukumwe nyembamba, zipitishwe kwenye kikaango, zibanduliwe moja moja bila kuchanika. Kila pembetatu inafungwa kwa uji mzito wa ngano. Pembe ikiachia tu, mafuta yanaingia na sambusa imeharibika. Anayefika Posta saa moja na ndoo imejaa, huyo usiku hakulala sana.

Kuna na hawa wanaodai sambusa ni chakula cha watu wa hali ya chini. Ibn Battuta, msafiri yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alifika Delhi akazikuta kwenye meza ya sultani, zimejazwa nyama, lozi, pistachio na viungo. Sultani hakuona aibu, mtu wa kupanga chumba kimoja anaona aibu ya nini?

Kinachokera zaidi ni kipimo chenyewe. Kuna msanii mmoja wa kiume, jina kubwa tu, kila wikiendi anaposti gari la kuazima na chupa za mezani ambazo hakulipia yeye, huku mwenye nyumba anamtafuta kodi ya miezi. Huyo anaitwa "bosi". Mdada anayerudi nyumbani na ndoo tupu na hela yake halali mfukoni ndiye anaitwa kafulia. Ndiyo maana mastaa wengi wanakopa ili waonekane wanazo: wanajua wakishika ndoo watachekwa.

Kukosoa ruksa, ila ikosolewe sambusa. Ikiwa hewa tupu ndani, semeni. Akiandika nyama akaweka viazi, semeni kwa sauti. Akipandisha bei eti kwa sababu ni staa, mwacheni na ndoo yake, mama wa pembeni yupo. Lakini kama ni ya moto, imekauka mafuta, na nyama unaiona kwa macho, lipa, kula, nyamaza.

Wadau, mtu akitoka kwenye kamera akaingia jikoni, kafulia au kajitambua? Tiririkeni hapo chini.