Saa Yangu ya Kuandika Iko Jikoni kwa Bibi

Si mnazijua zile video tunazotumiana? Mwandishi fulani wa Marekani anaamka saa kumi alfajiri, anakunywa kahawa, anaandika maneno elfu mbili, halafu anakwenda kukimbia. Mwaka jana niliziamini. Nikajaribu mwezi wa Machi, hapa Mzinga, masika yameanza, umeme umekatika, simu ina chaji asilimia 9 na chumbani tumelala watatu. Nikiwasha tochi, mdogo wangu anauliza kama kuna mwizi. Siku ya tisa nikasinzia kwenye kipindi cha saa mbili asubuhi mpaka nikaangusha kalamu. Nikajiambia basi, mimi si mwandishi.

Kumbe ratiba ndiyo haikuwa yangu.

Kitabu ninachoandika kinahusu matuta ya ngazi. Wenzangu wa kilimo mmeyasoma kama njia ya kuhifadhi udongo kwenye miteremko, na kwenye mtihani mnapata alama zenu. Kwa wazee wa Uluguru yalikuwa ugomvi. Miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Lakini penye udongo mwembamba, ukichimba ngazi unafukia ule wenye rutuba na kuleta juu usiootesha kitu. Kazi yenyewe ilikuwa nzito, na watu waliogopa pia kwamba ardhi yao itachukuliwa. Julai 1955 watu wakakusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa. Mpango ukafia hapo. Habari hizo zimo katika kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke cha mwaka 1960, kwa Kiingereza. Ni kazi ya maana. Ila Bibi yangu, ambaye wakati ule alikuwa binti wa miaka kumi na miwili upande huohuo wa Matombo, hawezi kukisoma, wala yeye hayumo.

Mtaani kwetu alikuwepo mzee mmoja aliyechimba ngazi zile kwa mikono yake. Nilimwambia, "Babu, nakuja nikimaliza UE." Nikamaliza UE, nikaenda fildi, niliporudi Oktoba nikakuta turubai limefungwa uani kwake. Nilichobaki nacho ni dakika nne za sauti yake kwenye simu, na nusu yake ni jogoo.

Baada ya msiba ule niliacha kutafuta saa ya kuandika. Nikatafuta saa ya Bibi.

Nayo ipo, kila siku, bila kengele. Kama saa kumi na mbili jioni Bibi anakaa kwenye kigoda anamenya ndizi, na mikono yake ikishika kisu mdomo nao unafunguka. Ukimkalisha kwenye kiti na kumwekea simu mbele anakujibu kama yuko ofisini: ndiyo, hapana, sikumbuki. Mpe ndizi. Kwa hiyo namenya naye, siandiki chochote. Atakueleza shamba lile lilikuwa la nani, na kwa kuwa kwetu ardhi ya ukoo inafuata upande wa mama, utasikia majina ya bibi watano kabla hujafika kwenye jembe. Mwanzoni nilikuwa namkatisha. Siku hizi majina hayo ndiyo sura ya pili ya kitabu.

Tukishakula, saa tatu usiku, naandika ukurasa mmoja wa kauntabuku kabla sijagusa madesa. Usiku uleule, sisubiri kesho. Niliwahi kusubiri kesho, na niliposoma nilichoandika nikakuta Bibi anazungumzia "uhifadhi wa mazingira", maneno ambayo hajawahi kuyatamka tangu azaliwe. Yalikuwa yangu, ya darasani. Usingizi wa usiku mmoja ulitosha kumgeuza mhadhiri.

Jumamosi napeleka kauntabuku maktaba. Kuna siku niliandika kwamba watu walipigwa risasi wakati wa masika. Julai haina masika. Nikarudi kumuuliza, akacheka sana: mvua aliyoitaja ilikuwa ya msimu wa kuchimba, mimi ndiye niliyeunganisha. Bila hiyo Jumamosi, kosa lingeingia kitabuni kwa jina lake.

Wapo watakaosema ngoja kwanza digrii, ngoja ajira, bumu lenyewe halitoshi. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926 na akaendelea na kazi za Serikali kwa miaka zaidi ya thelathini; katikati ya mafaili hayo tukapata *Maisha Yangu* na wasifu wa Siti binti Saad. Angengoja nafasi, tungekuwa tunasoma nini? Na riwaya angalau inaweza kungoja, wahusika wake hawazeeki. Wangu wana miaka themanini na kitu.

Wiki ya UE kwa kweli ukurasa haupatikani. Naandika mistari mitatu, tena mingine mibaya, lakini kigoda sikikosi. Kwa mwendo huu nimefika ukurasa wa 94. Fildi itanivuruga tena mwaka huu, sijui nitafanyaje. Nimemwomba mdogo wangu akae badala yangu, naye anataka alipwe kwa vocha.

Sasa hivi saa kumi na moja na nusu jioni. Nasikia kisu kinanolewa kwenye jiwe uani, ngoja niende.