MTAFITI APEWE MWENZI, ASIGEUZWE MUUZA DUKA

Limezuka wazo, nalo limekwisha kuota mizizi katika ofisi nyingi zinazoshughulikia elimu ya juu, kwamba tiba ya utafiti unaolala makabatini ni kumfundisha mtafiti biashara. Basi huitishwa warsha. Mtaalamu aliyetumia miaka kumi na mitano akichunguza floridi katika maji, au maradhi ya muhogo, huketi siku tatu katika ukumbi wa hoteli akifundishwa namna ya kuandika mpango wa biashara, namna ya kukadiria soko, na namna ya kujieleza mbele ya wenye mitaji kwa dakika tano. Siku ya nne hupewa cheti, hupigwa picha, hurejea maabara. Kabati lile lile linamngoja.

Sisi tunasema wazo hili ni potofu, na ubaya wake si posho na chai inayopotea. Ubaya wake ni kwamba linamtaka mtu mmoja awe watu wawili.

Kuanzisha kampuni kutokana na utafiti ni kazi mbili zenye uzito sawa. Ya kwanza ni kujua jambo ambalo wengine hawajalijua. Ya pili ni kujua nani atalinunua, kwa bei gani, litatengenezwa wapi, nani alipwe kwanza fedha zikipungua, na ahadi ipi mteja asipewe kamwe. Hii ya pili si ujanja wa mjini, kama wanavyodhani baadhi ya wasomi wetu. Ni ujuzi, na hupatikana kwa miaka na kwa hasara. Anayeamini kwamba profesa ataupata kwa siku tatu hana tofauti na mfanyabiashara anayeamini kwamba atakuwa mkemia kwa kusoma kijitabu.

Hebu tutazame mfano ambao matunda yake yamefika katika hospitali za dunia nzima. Mwaka 1976, huko San Francisco, Marekani, kijana wa miaka 28 aitwaye Robert Swanson alimpigia simu Herbert Boyer, profesa wa Chuo Kikuu cha California. Boyer na Stanley Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wameonyesha, mwaka 1973, namna ya kukata kipande cha jeni na kukipandikiza ndani ya bakteria. Swanson aliomba dakika kumi tu. Mazungumzo yakachukua saa tatu. Kila mmoja akatoa dola 500, na mwezi Aprili mwaka huo ikazaliwa kampuni ya Genentech. Kampuni ya mitaji ambako Swanson aliwahi kufanya kazi ikaongeza dola 100,000. Mwaka 1978 bakteria wakatengeneza insulini ya binadamu, dawa ambayo hadi wakati huo ilikamuliwa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1982 dawa hiyo ikaruhusiwa kuuzwa, chini ya kampuni ya Eli Lilly.

Wasimulizi wa habari hii hupenda sana zile saa tatu. Sisi tunavutiwa zaidi na mambo ambayo hayasimuliwi mara nyingi. Boyer hakuacha uprofesa ili akauze dawa. Aliendelea na maabara yake, ingawa baadhi ya wenzake chuoni walimnunia na kumlaumu kwamba anaingiza biashara katika nyumba ya elimu. Swanson naye hakuwa mtu wa fedha tupu. Alikuwa na shahada ya kemia pamoja na ya usimamizi kutoka chuo cha MIT, kwa hiyo alipoambiwa kwamba jaribio limeshindikana aliweza kuuliza swali la maana badala ya kuuliza tu fedha zimekwenda wapi. Tena alikuwa amekwisha kuwatafuta wanasayansi wengine, wakamjibu kwamba jambo hilo bado liko mbali. Kazi ya kugonga milango ilikuwa yake, naye hakuisukumia kwa profesa.

Watakuwapo watakaosema kwamba hiyo ni Marekani, na kwamba kwetu mfanyabiashara huleta fedha lakini haleti maarifa. Hao tunawakumbusha habari ya Ndugu Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, aliona kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa katika jokofu ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimcheka. Lakini wauza aiskrimu wa mjini Tanga hawakumcheka, kwa sababu walikuwa wakifanya hivyo hivyo kila siku ili waokoe muda. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza swali lile Denis Osborne, mhadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye hakulidharau, alirudi kulipima. Makala yao ilitolewa mwaka 1969, na wanasayansi wangali wanabishana hadi leo. Sisi hatuna haja ya kuamua ubishi wao. Yatosha kuona kwamba jambo hilo lilijulikana sokoni kabla ya kujulikana maabara, na kwamba lilifika duniani kwa sababu msomi mmoja alikubali kumsikiliza aliyelitoa huko.

Basi kwa nini wenzi hawa hawakutani katika vyuo vyetu? Lawama hazimwendei mmoja.

Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala. Akitengeneza kichujio kinachonywesha kijiji maji safi, hesabu yake mbele ya kamati ya vyeo huenda isifikie makala mbili zitakazosomwa na watu thelathini. Naye si mjinga; hufanya kile anacholipwa akifanye. Tena hukimbilia kuchapisha kabla ya kuandikisha hataza, na jambo likikwisha kutangazwa, katika nchi nyingi haliandikishiki tena. Kosa hili si la maskini peke yao. Mwaka 1975 César Milstein na Georges Köhler walitangaza, kutoka Cambridge, Uingereza, namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi. Shirika la umma lililokuwa na wajibu wa kuilinda kazi hiyo halikuiandikishia hataza. Miaka michache baadaye watafiti wa Taasisi ya Wistar ya Philadelphia, ambao walipewa seli na Milstein mwenyewe, wakaandikisha hataza zilizojengwa juu ya ujuzi ule. Waingereza wakabaki na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1984 na maswali bungeni.

Upande wa pili yuko mfanyabiashara wetu. Huyu amezoea kontena. Huagiza bidhaa, huiuza, na baada ya miezi mitatu fedha yake imerudi na faida. Ukimwambia kuhusu jambo litakalochukua miaka sita, kama insulini ile ilivyochukua tangu kampuni kuundwa hadi dawa kuingia sokoni, atakuona unamwotea ndoto. Hatumlaumu sana. Miaka ile ya mwanzo, ambayo hakuna cha kuuza, ni lazima ibebwe na fedha za umma. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986 ili iratibu na kuendeleza utafiti nchini. Ruzuku za utafiti hulipa vifaa, safari na posho. Zilipe pia riziki ya huyu mwenzi kwa miaka miwili, ili awepo mezani wakati kazi bado ni changa, badala ya kuitwa mwishoni aje kuuza kitu ambacho hakushauriwa kilipotengenezwa.

Ukubwa wa kazi hiyo ya pili unaonekana Arusha. Dk. Askwar Hilonga, mhadhiri wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, alibuni kichujio cha maji kinachounganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazonasa uchafu, nacho hurekebishwa kulingana na maji ya mahali. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Kila anayezijua sehemu zile, ambako floridi huharibu meno ya watoto na kupinda mifupa, anaelewa ushindi ule ulikuwa wa nini. Lakini kichujio kimoja kikikamilika, kazi nyingine ndiyo kwanza inaanza. Vituo vya kuuza maji vinahitaji wasimamizi. Vichujio vinahitaji kubadilishwa kwa wakati, la sivyo mnunuzi anakunywa maji machafu kwa jina safi. Vipuri, mikopo, hesabu za mamia ya vituo na ugomvi wa bei vinahitaji mtu wa kuvibeba kila siku. Je, tunataka mtaalamu wa kemia ya chembe ndogo ashinde katika hesabu hizo, au abuni kichujio cha pili?

Hapa sasa tunafika penye uchungu. Wapo ndugu zetu, na hatuwadharau, wanaosema kwamba kumkabidhi mfanyabiashara matunda ya chuo cha umma ni kumuuza mlipa kodi. Hofu hiyo ina msingi. Hapo juu tumeisifu Genentech. Haki inatutaka tuseme na yaliyofuata. Hospitali ya City of Hope, ambayo wanasayansi wake walishiriki kuitengeneza jeni ya insulini kwa mkataba wa mwaka 1976, iliishtaki kampuni ile kwa mrabaha isiolipwa, na ilikuwa mwaka 2008 ndipo Mahakama ya Juu ya California ilipothibitisha fidia ya dola milioni 300. Chuo Kikuu cha California chenyewe kilidai kwamba hataza yake ya homoni ya ukuaji ilitumiwa bila ruhusa, na mwaka 1999 kesi ikamalizwa kwa dola milioni 200. Miaka mingi ya mawakili, kwa sababu ya karatasi zilizoandikwa kwa haraka wakati kila mtu alikuwa anafurahi.

Tena kuna bei. Waliogundua insulini huko Toronto waliiuzia hataza chuo kikuu chao mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja, wakitaka mtu asiihodhi. Karne moja baadaye, katika nchi tajiri kuliko zote, wagonjwa wa kisukari walikuwa wakipunguza dozi zao wenyewe kwa kukosa fedha, na chupa moja ya aina mpya ya Eli Lilly iliandikwa bei ya zaidi ya dola 270. Ilipofika Machi 2023 ndipo kampuni hiyo ilipotangaza kushusha kwa asilimia 70 bei ya aina zake zinazotumika zaidi. Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980, iliyoviruhusu vyuo vya Marekani kumiliki hataza za utafiti uliolipwa na serikali, iliiachia serikali haki ya kuingilia kati pale ambapo umma haufaidiki. Kwa zaidi ya miaka 40 haki hiyo haikutumika hata mara moja.

Je, kwa hiyo tufunge milango? Hapana. Utafiti unaooza kabatini nao ni mali ya mlipa kodi iliyopotea, na wala hauna wa kumshtaki. Mtoto wa Arumeru anayekunywa floridi hapati nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba ujuzi wa kuichuja umehifadhiwa salama mikononi mwa umma. Jibu ni kuandika mkataba kabla ya ndoa, wakati kampuni bado haina thamani na hakuna anayeona haya kuuliza.

Katika mkataba huo hisa za mwenzi zisitolewe zote siku ya kwanza. Zikomae mwaka hadi mwaka, ili anayekimbia baada ya miezi minane asiondoke na nusu ya kampuni. Sharti hilo hilo limfunge mtafiti, kwani naye anaweza kupata nafasi ya kwenda ng'ambo. Fungu la chuo liwe dogo. Baadhi ya vyuo hudai sehemu kubwa tangu mwanzo, vikidhani vinalinda umma, kumbe vinamfukuza kila mwenye mtaji. Fungu kubwa la kampuni isiyokuwapo ni sifuri. Pale chuo kinapopaswa kuwa kigumu ni kwingine: kwamba hataza isiyotumika kwa muda uliowekwa irudi chuoni bila kesi, na kwamba maji, dawa na mbegu zilizotokana na fedha za umma ziwe na bei ambayo kampuni haiwezi kuipandisha kabla ya kukutana na umma mezani. Na atajwe kwa cheo chake mtu mwenye wajibu wa kulitumia sharti hilo, pamoja na siku ambayo atatoa taarifa.

Hayo yote yanaweza kuamuliwa na mabaraza ya vyuo bila kungoja sheria mpya. Kamati za vyeo zinaweza kukihesabu kichujio kinachofanya kazi kuwa ni kazi ya kisomi. Idara inaweza kubandika tangazo, chuoni na katika chemba za wafanyabiashara, ikisema ina ujuzi gani, inamtafuta mtu wa namna gani, na kwa masharti gani. Bajeti ya warsha za mwaka huu bado haijatumika yote. Igawanywe upya kabla hoteli haijaletewa hati ya kukodi ukumbi.